Nani Alimnyamazisha Ignosi?

Wanangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia hadithi iliyosimuliwa na watu wengi, na karibu kila ilipopita mikononi mwa msimulizi mpya ilipungukiwa na kitu. Huenda baadhi yenu mmeiona kwenye televisheni. Babu na bibi zenu wengi waliisoma kwa Kiswahili, kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929. Aliyeitunga kwa Kiingereza ni Henry Rider Haggard, aliyefika Natal, Afrika Kusini, akiwa kijana wa miaka 19, kisha akarudi kwao Uingereza na mambo mengi ya kusimulia. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1885.

Nitaanza na kitabu, halafu filamu. Mwenye nyumba asiyejua alichokuwa nacho ndani hawezi kumwambia polisi alichoibiwa.

Anayesimulia kitabuni ni mwindaji wa tembo aitwaye Allan Quatermain, mkazi wa Durban. Umri wake miaka 55, umbo lake dogo, na mwenyewe anakiri kwamba si mtu jasiri. Anaandika ili kumfurahisha mwanawe Harry, anayesomea udaktari London. Safarini melini anakutana na Waingereza wawili. Mmoja ni Sir Henry Curtis, jitu la mtu lenye ndevu za rangi ya dhahabu, anayemtafuta mdogo wake aliyepotelea bara akisaka almasi za Mfalme Sulemani. Mwingine ni Kapteni John Good, baharia wa zamani, mtanashati kupita kiasi, mwenye kioo cha jicho moja na meno ya bandia. Quatermain anayo ramani ya huko. Ilichorwa mwaka 1590 na Mreno José da Silvestra, juu ya kipande cha nguo yake, kwa damu yake mwenyewe, akiwa pangoni anakata roho.

Kabla hawajaondoka Durban, anakuja mtu mmoja kuomba kazi. Anajiita Umbopa. Ni mrefu, ametulia, na ana jambo la ajabu: hataki mshahara, anataka tu kwenda nao huko kaskazini waendako. Sir Henry anampenda mara moja. Umbopa anamtazama Mwingereza yule kuanzia juu hadi chini, kimo kwa kimo, kisha anamwambia kwamba wao wawili ni wanaume, yeye na Sir Henry. Quatermain hapendezwi hata kidogo. Hajazoea kusikia mtumishi mweusi akizungumza na bwana mweupe kana kwamba wamelingana.

Shikeni hapo, wanangu. Mtu huyo aliyekuja kuomba kazi ya utumishi ndiye hadithi yenyewe.

Wanavuka jangwa hadi ndimi zinavimba kwa kiu. Wanapanda mlima wenye theluji, na usiku mmoja pangoni baridi inamuua mwenzao Ventvögel, mfuatiliaji hodari wa nyayo. Asubuhi wanagundua kwamba mle pangoni walilala na maiti ya da Silvestra mwenyewe, iliyogandishwa na baridi tangu miaka mia tatu iliyopita. Ng'ambo ya mlima wanaikuta barabara pana iliyochongwa kwenye mwamba, na mwisho wake ni nchi ya Wakukuana.

Hapa lazima nitulie kidogo, kwa sababu sehemu hii nikiwasimulia watoto huwa wanaomba nirudie. Wamefika penye kijito. Kapteni Good, kwa utanashati wake, ameoga, amevua suruali, na anajinyoa ndevu. Amemaliza shavu moja, la pili bado. Ghafla wanatokea wapiganaji wa Kikukuana, mikuki mikononi, na sheria ya nchi yao ni kwamba mgeni auawe. Good ana tabia moja akiingiwa na hofu: hushika meno yake ya bandia akayashusha, kisha akayarudisha. Anafanya hivyo. Wapiganaji wanarudi nyuma kwa mayowe. Mtu gani huyu ambaye meno yake hutoka na kurudi, ndevu zimeota upande mmoja tu, jicho moja linang'aa kama kioo, na miguu myeupe namna ile? Quatermain anaiwahi nafasi: sisi, anawaambia, tumetoka kwenye nyota. Basi Good imekwisha habari yake! Akivaa suruali wataulizana imekuwaje, akinyoa shavu la pili itaonekana ni mtu tu. Maskini mtanashati yule anatembea nchi nzima miguu wazi na ndevu nusu.

Wakati wenzake wanacheza mchezo huo wa nyota, Umbopa yuko kimya. Anangoja. Siku inapowadia anamwita Infadoos, mzee wa jeshi la Wakukuana, anafunua kiuno chake, na pale pana mchoro wa nyoka aliyezunguka kiuno kizima, mkia mdomoni. Ni alama ya mtoto wa mfalme. Jina lake la kweli ni Ignosi. Baba yake aliuawa na ndugu yake pacha, Twala, kwa hila za kikongwe mchawi aitwaye Gagool, na mama yake akakimbia naye mgongoni kuvuka milima na jangwa. Yule aliyekuwa akiamrishwa njia nzima ndiye aliyejua njia inakokwenda na kwa nini.

Inafuata vita kubwa, na Twala anauawa. Kisha yanafuata mashimo yenyewe. Gagool anawaongoza wale Waingereza hadi kwenye chumba cha almasi, halafu anaufungua mtego: mlango wa jiwe unaanza kushuka. Msichana wa Kikukuana, Foulata, ambaye kabla ya hapo alimuuguza Kapteni Good kwa siku nyingi asilale, anamkamata kikongwe yule ili wenzake wasifungiwe. Gagool anamchoma kisu, lakini amechelewa, na jiwe linamwangukia mwenyewe. Foulata anafia mikononi mwa Good. Wanaume watatu wanabaki gizani na utajiri usiohesabika na maji kidogo tu. Wanapotoka kwa njia ya chini ya ardhi, Quatermain anakuwa na almasi chache tu alizotia mifukoni.

Wengi hudhani hadithi imeisha hapo. Kwangu mimi moyo wa kitabu uko mbele kidogo, siku ya kuagana. Ignosi, sasa mfalme, anawaambia rafiki zake kwamba wao watatu wakirudi watapokewa daima. Lakini nchi yake ameifunga. Hataki wafanyabiashara wa bunduki na pombe. Hataki wahubiri watakaotangulia kuwasafishia njia wale wanaofuata nyuma yao. Anayekuja kuchungulia atarudishwa. Likija jeshi, atapigana nalo kwa nguvu zake zote. Na kuhusu mawe yale yanayong'aa, atapeleka askari walifukie shimo ili mtu asilifikie tena.

Tazameni mwaka. Februari 1885 mataifa ya Ulaya yalikuwa yamemaliza mkutano wao wa Berlin, walikokubaliana masharti ya kugawana Afrika. Mwezi huohuo Carl Peters alipewa hati ya Mfalme wa Ujerumani juu ya nchi za Usagara, Ukami, Uzigua na Nguru, ambazo leo ni Tanzania, kwa mikataba ambayo machifu wengi hawakuelezwa maana yake. Miezi michache baadaye, mitaa ya London ikauza kitabu ambamo mfalme Mwafrika anasema: hapa hamwingii. Aliyeyaandika maneno hayo ni Haggard, ambaye mwaka 1877 alisaidia kuipandisha bendera ya Uingereza mjini Pretoria. Mimi jambo hilo linanishangaza mpaka leo. Mtumishi wa dola alimpa Ignosi hoja yenye nguvu kuliko hoja za dola yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye filamu.

Ya mwaka 1937 ilitengenezwa Uingereza. Umbopa aliigizwa na Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito iliyojaza kumbi, mtu aliyepigania haki za watu wake maisha yake yote, na ambaye huko London alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Ukimwona Robeson unaamini mara moja kwamba yule ni mfalme aliyejificha. Lakini watayarishaji walitaka sauti yake iuze tiketi, basi wakamfanya aimbe. Safari ngumu inaendelea, na Umbopa anaimba. Mfalme wa kitabuni alinyamaza kwa sababu kunyamaza kwake kulikuwa na maana: siri ndiyo ilikuwa ngao yake. Pia wakaingiza msichana wa Kizungu anayemtafuta baba yake, ingawa kitabuni Quatermain anawaonya wasomaji mapema kabisa kwamba hakuna mwanamke wa namna hiyo katika hadithi yake.

Ya 1950, ya kampuni ya MGM, inatuhusu zaidi, maana ilipigwa huku kwetu: Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na Ruanda-Urundi. Ilipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha, na ilistahili. Kuna mahali moto wa nyika unawakurupusha wanyama, na pundamilia na swala wanapita mbele ya macho yako kundi baada ya kundi hadi unahisi vumbi kooni. Lakini hadithi imepinduliwa. Sir Henry, lile jitu la ndevu za dhahabu, sasa ndiye aliyepotea, na anayemtafuta ni mke wake, Elizabeth, aliyeigizwa na Deborah Kerr. Anamlipa Quatermain amwongoze. Wanagombana, wanapendana. Katikati ya pori Elizabeth anachoka na nywele zake ndefu, anachukua mkasi anazikata mwenyewe, na dakika chache baadaye kichwa chake kimepangika kama ametoka saluni. Foulata hayumo kabisa. Yule msichana aliyeuguza, aliyependa na aliyekufa akizuia mlango, nafasi yake imechukuliwa na mapenzi ya Wazungu wawili.

Umbopa je? Yumo. Aliigizwa na mtu wa Rwanda aliyeandikwa kwa jina moja tu, Siriaque, mrefu ajabu, mwenye mwendo wa heshima. Kwa macho, hajapata kutokea Umbopa mzuri kama yule. Ila maneno aliyopewa ni machache mno. Anatembea, anasimama, anatazamwa.

Lakini kuna jambo moja filamu hiyo ililirekebisha, nami nalisema kwa furaha. Kitabuni anayepambana na Twala ana kwa ana na kumkata kichwa ni Sir Henry, Mwingereza. Kwenye filamu ya 1950, Umbopa na Twala wanapigana wenyewe kwa wenyewe kufuata desturi ya nchi yao, na Wazungu wanasimama pembeni wakitazama. Hapo watengenezaji wa filamu walimshinda Haggard. Kiti ni cha Ignosi. Kwa nini akipiganiwe na mgeni?

Ndiyo maana siwaambii kwamba kubadilisha hadithi ni dhambi. Haggard mwenyewe alikibadilisha kitabu chake. Katika chapa ya kwanza, wageni wanawatisha Wakukuana kwa kutabiri kupatwa kwa jua. Tatizo ni kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, na jua hupatwa wakati wa mwezi mwandamo tu, mwezi unapopita kati yetu na jua. Katika chapa za baadaye akaandika kupatwa kwa mwezi, ambako hutokea mwezi ukiwa mpevu. Alibadilisha ili hadithi iwe ya kweli zaidi. Na yapo ndani ya kitabu mengine ambayo leo nisingewasomea bila kuwaeleza: Foulata anakufa akisema ni heri afe, kwa kuwa mweusi na mweupe hawawezi kuoana. Kauli hiyo Haggard aliitia mdomoni mwa msichana ili kujitoa kwenye jambo ambalo wasomaji wake wa London wasingelikubali. Mtu akiigiza hadithi hii leo na kumwacha Foulata aishi, mimi nitampigia makofi.

Kinachonikasirisha ni filamu ya 1985. Ilipigwa Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miaka mitano tu tangu ipate uhuru wake. Quatermain aliigizwa na Richard Chamberlain, na msichana anayemtafuta baba yake akaigizwa na Sharon Stone. Yule mzee wa tahadhari aliyekiri woga wake amegeuzwa shujaa wa masihara, kwa sababu miaka minne kabla ya hapo filamu ya Indiana Jones ilikuwa imechuma fedha nyingi na kila studio ilitaka ya kwake. Haya yote ningeyavumilia. Kisha linakuja chungu. Chungu kikubwa kuliko nyumba, maji yanachemka, Quatermain na msichana wake wamo ndani pamoja na mboga kubwakubwa, na Waafrika wanacheza ngoma kuzunguka, wakingoja nyama iive.

Someni kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa. Hamtamkuta Mkukuana hata mmoja anayekula mtu. Mtawakuta wana jeshi lenye vikosi vyenye nidhamu, wana wazee wa baraza, wana barabara. Mtawakuta wapiganaji wazoefu wa kikosi kiitwacho Wajivu, ambao wanajua kwamba wengi wao hawatarudi jioni, na wanasimama mstarini bila mmoja kugeuka nyuma. Mwingereza wa mwaka 1885, pamoja na upofu wa zama zake, aliwapa Waafrika wa hadithi yake ushujaa, sheria na mfalme anayejua kusema hapana. Miaka mia moja baadaye, watu wenye kamera na umeme waliwapa chungu. Jina la kitabu walilibakiza kwenye bango kwa sababu linauza. Huko siwezi kukuita kubadilisha hadithi. Wametumia jina la marehemu kuuza mali isiyo yake.

Na msidhani mambo haya yako kwenye filamu za zamani tu. Wale mnaocheza gemu, mnaweza kuwa mmeiona ile ya mwaka 2010 iitwayo Dante's Inferno, ya Electronic Arts. Imetokana na utenzi wa Dante Alighieri, mshairi wa Florence aliyefariki mwaka 1321. Katika utenzi wake, Dante hana silaha. Amepotea msituni, na anaongozwa kuzimu na mshairi wa kale, Virgil. Anasimama mbele ya wafu, anawauliza ninyi ni nani, mlifanya nini, na wao wanamjibu. Mara nyingine anawahurumia hadi anazimia. Na aliyemtuma Virgil aje kumsaidia ni Beatrice, mwanamke ambaye Dante alimpenda. Kwenye gemu, Dante ni askari wa Vita vya Msalaba, ana mundu mkubwa alionyang'anya Mauti, na anafyeka kila kinachosogea. Beatrice katekwa na Lusifa, na anangoja kuokolewa. Mwokozi kafanywa mateka! Wale wafu waliokuwa wakieleza maisha yao, sasa unabonyeza kitufe kuamua uwaadhibu au uwasamehe. Najua vidole vinafurahi kucheza gemu kama ile. Lakini Dante alikuwa msikilizaji, na msikilizaji ndiye aliyeondolewa.

Mnaona yanavyofanana? Umbopa anapewa nyimbo badala ya siri yake, Foulata anafutwa, Beatrice anafungwa, wafu wa Dante wananyamazishwa. Anayepotea karibu kila mara ni yule aliyekuwa na neno lake la kusema, neno ambalo halimpendezi mnunuzi wa tiketi au linamtaka atulie afikiri. Wanyama wanaokimbia hawaachwi. Almasi haziachwi. Kauli ya Ignosi ya kuifunga nchi, hiyo sijaikuta katika filamu yoyote kati ya hizi tatu kwa uzito ilionao kitabuni. Ukiiondoa, inabaki hadithi ya Wazungu waliokwenda kuchukua almasi wakapata shida kidogo njiani.

Basi filamu tazameni. Sitawakataza, na ile ya 1950 nitakaa niitazame pamoja nanyi. Ila mkimaliza, kitafuteni kitabu, cha Kiswahili au cha Kiingereza, mkazisome zile kurasa za kuagana kwa sauti, mmoja wenu akishika nafasi ya Ignosi na mwingine ya Quatermain. Mtasikia wenyewe kilichokosekana.

Na kuna jambo moja la kisheria ambalo vijana wa kamera na kompyuta mnapaswa kulijua. Haggard alifariki mwaka 1925. Muda wa hakimiliki ya kitabu chake cha Kiingereza umekwisha siku nyingi, na yeyote anaruhusiwa kukigeuza filamu, tamthilia au gemu bila kulipa wala kuomba. Hollywood ilikitumia kwa raha zake. Wenye lugha ambayo Umbopa ameizungumza tangu 1929 bado hatujakitendea haki. Anzeni ninyi, na mkifika siku ya kuagana, mwacheni mfalme amalize maneno yake.